Mwiko wa Kangaruu

Wiki iliyopita mwanangu aliniambia, akiwa ameshavaa sare na kiatu kimoja mguuni, kwamba mwalimu anataka bendera tatu za karatasi siku hiyo hiyo. Nyumbani hapakuwa na gundi. Nikakoroga unga wa muhogo na maji kwenye kisufuria, nikabandika jikoni, nikazungusha kijiko mpaka ukavutika. Ukashika chini kidogo, na ile harufu ya unga unaotaka kuungua ikanipanda puani. Basi la shule lilipiga honi mara mbili nje ya geti na mimi nimesimama pale pale, kwa sababu sikuwa tena jikoni kwangu. Nilikuwa Tabora, darasa la tano, vidole vimegandiana kwa gundi, na hasira ya siku ile ilikuwa mbichi kabisa.

Shule yetu ilikuwa moja ya zile za mwanzo mjini kufundisha kwa Kiingereza, na wazazi walitupeleka kwa kujinyima. Kila mwaka ilikuwepo siku ambayo Mwalimu Mchiwa aliiita Siku ya Nchi za Kiingereza. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, Mgogo wa Dodoma, mrefu, mkavu, mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua hata mwezi wa kumi, jua la Tabora linapochemsha mabati mpaka yanalia. Alikuwa mwalimu mzuri. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nina kinyongo cha kitoto. Kinyongo ninacho, lakini ni cha mtu mzima.

Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha, kimoja tu kwa shule nzima, alichokifungia kabatini. Alikileta darasani amekipakata kwa mikono miwili, akakilaza mezani, akatuita tuje kwa safu, mikono nyuma. Kila nchi ilikuwa na kurasa mbili. Bendera, ua lao, mnyama wao, na watu wanaocheka. Karatasi zake zilikuwa nzito, zinang'aa, na ukiinama karibu zilinukia kama kiatu kipya. Tulipofika Uskoti tukaona wanaume wazima wamevaa sketi za mirabamiraba, darasa likaangua kicheko, isipokuwa Nasra, rafiki yangu. Ukoo wao ulitoka Omani zamani, babu yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na mzee yule alishinda na msuli kutwa nzima akipima kanga.

"Mnacheka nini?" Nasra alisema. "Si msuli tu huo, umekosa kushonwa vizuri."

Mwalimu aligawa nchi. Nasra akapewa Uskoti. Mimi nikapewa Australia, tena si kushika bendera tu: nilichaguliwa kusema. Ningesimama mbele ya wazazi wote, kwenye kipaza sauti, nieleze nchi ile, watu wake na alama zake, kwa Kiingereza, dakika tatu. Mwaka huo, alisema, kungekuwa na mgeni kutoka huko huko Australia, dada mmoja aliyekuja mjini kufundisha michezo kwa miezi michache. Nilikimbia kutoka shule mpaka nyumbani Isevya bila kusimama. Nilikuwa mtoto wa nne kati ya sita, na kabla ya siku ile sikuwahi kuchaguliwa kwa chochote ila kuteka maji.

Sasa nieleze kosa langu, maana lilikuwa kosa, sikatai.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulipanda treni kwenda Kaliua kwenye harusi. Wenyeji wakatukaribisha chakula, ugali na nyama ya pori iliyochemshwa na nyanya, mafuta yanaelea juu. Nikanyoosha mkono. Baba akaushika mkono wangu hewani, taratibu, akauliza nyama gani. Wakamwambia pongo. Akasogeza sahani mbele kidogo akasema, "Huyu kwetu ni ndugu." Hakuna aliyeuliza swali la pili. Mama mmoja aliinuka, akaondoa sahani ile, akaleta maharage, na mazungumzo yakaendelea. Njiani kurudi Baba akanieleza kwamba ukoo wetu unajulikana kwa pongo, mnyama yule mwenye madoadoa kama ametoka kunyeshewa, na sisi hatumli. Shangazi Kabula akaongezea kwamba ukimla unababuka ngozi. Nikatazama mikono yangu mpaka Tabora.

Kwa hiyo nilipoona kila nchi kitabuni ina mnyama wake au mmea wake, nilielewa mara moja, bila kuuliza mtu. Ulikuwa mwiko wao. Mbona hata sisi Tanzania tuna twiga, na kila mtoto anajua kwamba twiga haliwi, ukimuua unafungwa? Nchi ni ukoo mkubwa tu, nikawaza, na alama ya nchi ndicho kitu ambacho watu wake hawakitii mdomoni. Nikamweleza Nasra tukiwa tunabandika bendera kwa gundi ya muhogo nyuma ya darasa. Tukakaa tukapanga dunia nzima. Wamarekani hawali tai, hilo halikuwapa shida. Waingereza hawali simba, hata sisi hatuwali. Watu wa Nyuzilandi walikuwa na kindege kifupi kisichoruka, nacho hakikuonekana kuwa na nyama. Waliotutia huruma ni watu wa Wales, kwa sababu alama yao ilikuwa kitunguu cha majani marefu.

"Wanaungaje mchuzi?" Nasra aliuliza, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli.

Niliandika hotuba yangu kwa mkono. Katikati niliweka sentensi niliyoipenda kuliko zote: watu wa Australia hawali kangaruu, kwa sababu kangaruu ni ndugu yao, kama sisi na pongo. Siku ya mazoezi nilisimama mbele ya darasa nikasoma. Nilipofika pale, Mwalimu Mchiwa akainua kidole.

"Rudia."

Nikarudia. Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha kutoka tumboni, na darasa zima likacheka naye, na mimi nikacheka kidogo pia, maana sikujua kinachochekesha. Akaeleza kwamba alama ya taifa ni picha ya heshima tu, kwamba Waaustralia wanafuga, wanawinda, wanakula wanachotaka. Hapo kama angeishia, ningekata sentensi yangu na leo nisingekuwa na la kusimulia. Hakuishia.

"Hawa ni watu walioendelea," alisema. "Mambo ya huyu simli kwa kuwa ni shemeji, huyu simli kwa kuwa ni mjomba, ni giza la wazee wenu. Kesho ukisimama hapa, utaanza kwa kuwaambia wenzako hivyo. Useme: nilikosea, mwiko wa kwetu ni ujinga. Kisha uendelee na hotuba yako nzuri."

Akauliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Akauliza kama nitasema. Nilimwona Baba pale Kaliua, mkono wake umeshika wangu, sauti yake imetulia, na yule mama anavyoinuka bila kuuliza. Hapakuwa na giza lolote mle ndani. Palikuwa na watu wenye adabu wakila maharage.

"Nitasema kangaruu nimekosea, Mwalimu," nilisema. "Hilo la ujinga sitasema."

Hakunichapa, na ningependelea angenichapa. Alichukua karatasi yangu, akapiga mstari kwenye ile sentensi, akampa Nasra aisome yeye. Mimi akanipa bendera ya Australia niishike, nisimame pembeni, mdomo nimeufunga. Nasra alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nahesabu nyota za ile bendera, nikihesabu upya kila nilipofika ya mwisho.

Nyumbani Baba alinisikiliza mpaka mwisho akasema niache, mwalimu ni mwalimu, na mwakani nitachaguliwa tena. Baba yangu alikuwa mtu mpole na nilimpenda, lakini jioni ile nilimkasirikia. Aliyeinua kichwa alikuwa Shangazi Kabula. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba. Alifanya biashara ya asali, akiileta mjini kwa ndoo na kuipeleka mpaka Igunga kwa malori, na sauti yake ilizoea kushindana na injini.

"Mwalimu wenu kabila gani?" aliuliza.

"Mgogo, Shangazi."

"Mgogo?" Akaweka kikombe chini. Uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Mbona hukusema tangu mwanzo? Huyo ni wa kwangu."

Msomaji wa Tabora hahitaji maelezo. Kwa mwingine niseme kwamba Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana kwenye msiba wako, kukunyang'anya kofia, kukalia kiti chako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Wapo wanaoita huu upuuzi wa zamani. Mimi niliuona ukifanya kazi kwa macho yangu.

Siku ilipofika, uwanja ulikuwa umefungwa turubai, bendera zetu zinapepea kwenye kamba na kunukia muhogo, wazazi wamejaa kwenye madawati. Mgeni wa Australia aliketi mbele, msichana wa miaka ishirini na kitu, pua imeungua na jua, anatabasamu kwa kila mtoto. Mwalimu Mchiwa ndiye aliyekuwa na kipaza sauti. Uingereza wakapita na waridi lao, Kanada na jani lao, Jamaika na ndege wao. Joto likazidi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwalimu akavua koti, akalitundika kwenye kiti chake, akasogea mbele kuita Australia.

Shangazi Kabula akainuka kutoka safu ya tatu. Akatembea bila haraka, na kanga yake ya bluu, mpaka kwenye kile kiti. Akalichukua koti. Akalivaa, likamfika magotini. Akaketi.

Wazazi wakaanza kuguna. Mwalimu akageuka.

"Mama, samahani, hilo koti..."

"Koti gani, Mgogo?" Shangazi alisema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Babu zangu walipita kwenu na meno ya tembo mabegani, mkawatoza hongo ya njia. Mpaka maji ya kunywa mliwatoza. Leo wewe ndiye uliyepita kwetu. Hapa Unyanyembe. Lipa hongo!"

Uwanja ukalipuka. Wazee walipiga mapaja, akina mama wakapiga vigelegele, mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba Mgogo asiachiwe hata viatu. Yule mgeni alikuwa anageuka huku na huku akitafuta wa kumweleza. Nilimtazama Mwalimu Mchiwa. Uso wake ulipitia mambo mengi kwa haraka, kisha, lazima nimpe haki yake, akacheka. Alikuwa Mgogo aliyelelewa, alijua sheria.

"Haya, mtani. Nitakupa soda."

"Sinywi soda."

"Kuku?"

"Kuku ninao. Nataka mtoto wangu yule aliyesimamishwa kama nguzo ya simu azungumze. Akizungumza, koti lako hili hapa. Asipozungumza nakwenda nalo Igunga, nikawavalishe wauza ng'ombe."

Hakuwa na pa kutokea. Aliniita kwa mkono. Nasra alinipa ile karatasi, akanibana kidole, akanong'ona, "Sema yote." Kipaza sauti kilikuwa cha moto na kilinukia midomo ya watu. Nikasoma kwa Kiingereza: bendera, nyota, mji mkuu, kondoo. Nilipofika penye mstari wa wino mwekundu sikupunguza mwendo. Nikasoma kwamba kangaruu ni mnyama wa watu wa Australia. Kisha nikasema, bila karatasi, kwamba niliandika kuwa hawamli, kwa sababu ukoo wetu hauli pongo na hatuna aibu, na kama kwa kangaruu nimekosea naomba mgeni anisahihishe.

Yule dada akacheka kwa mshangao, akasimama, akapewa kipaza sauti. Akasema pole pole kwamba amekula kangaruu, mara nyingi, kaka yake humchoma nyuma ya nyumba. Mwalimu Mchiwa alitafsiri kwa wazazi neno kwa neno, na neno "amemla" alilisema mara mbili. Watu wakacheka. Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Shangazi akakaza koti kifuani.

Lakini mgeni hakuwa amemaliza. Alikuwa ananitazama mimi. Akasema kwamba wako watu waliokuwa wenye nchi ile maelfu ya miaka kabla ya watu wake kufika na meli, na bado wapo, makabila mengi, kila moja na lugha yake. Na kwa baadhi yao kila mtu ana mnyama wake, anayehesabiwa kuwa jamaa yake, na anatakiwa kumlinda, na wako wasiomla kabisa. Alisema shuleni aliketi na msichana wa watu hao, na mnyama wake alikuwa huyo huyo kangaruu. "Hakuwahi kula kwetu," alisema, "na mimi sikuwahi kumuuliza kwa nini." Alipomaliza, macho yake yalikuwa yameshuka chini.

Mwalimu Mchiwa akashika kipaza sauti. Akakohoa.

"Mgeni wetu anasema Australia ina watu wa aina nyingi," alisema. "Tumpigie makofi."

Makofi yakaanza. Nilimtazama Baba kwenye madawati, anapiga makofi kama wengine, hajui ameambiwa nini. Yeye hakusoma Kiingereza, wala Shangazi, wala nusu ya uwanja ule. Kilichosemwa kilikuwa chao kuliko cha mtu yeyote pale na kilikuwa kinapita juu ya vichwa vyao. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka mkono wangu kwenye kipaza sauti, na mkono wa Mwalimu ukiwa bado umekishika.

"Samahani, Mwalimu. Haijaisha."

Nikawaambia. Kwa Kiswahili, nikawatafsiria yote: wenye nchi wa kwanza, meli, mnyama aliye jamaa, msichana asiyekula. Nikawaambia wapo. Makofi yalikatika. Mzee mmoja akasema, "Ehee," kwa sauti ya mtu aliyepata habari za ndugu wa mbali. Baba hakupiga makofi wala hakutabasamu. Alisimama, Baba yangu mpole, akasimama tu wima katikati ya watu waliokaa mpaka nilipomaliza. Kisha Shangazi akavua koti, akalikung'uta, akamvisha Mwalimu mwenyewe na kumfunga vifungo, kimoja kimoja.

Watu wengi hudhani hapo ndipo ninapomalizia, na nimewahi kuisimulia hivyo kwenye harusi ili watu wafurahi. Lakini Jumatatu nilipangiwa kufuta vumbi ofisini, na kabati lilikuwa wazi. Nikafungua kitabu kwenye Australia. Kondoo walikuwepo, kangaruu, watoto wa kizungu wanakimbia ufukweni. Nikapekua nyuma na mbele. Sikuwaona. Nikaenda Kanada, nikaenda Nyuzilandi, nikaenda Marekani, nikitafuta wenye nchi wa kwanza, na kila mahali nikakuta ua, mnyama, bendera na watu wale wale wanaocheka. Sikuwa na neno la kuita kile nilichokisikia. Leo ninalo, ni dharau, na ninalisema wazi: mtu aliyetengeneza kile kitabu aliona ndege asiyeruka anastahili ukurasa na watu hawastahili. Nikaketi kwenye kiti cha Mwalimu. Chini ya picha ya kangaruu, penye nafasi nyeupe, nikaandika kwa Kiingereza changu cha darasa la tano kwamba wenye nchi wa kwanza bado wapo, na wengine wao hawamli huyu. Chini yake nikaandika jina langu lote, la baba na la babu.

Mwalimu aliuona mwandiko huo siku hiyo hiyo. Akaniita ofisini, kitabu kiko wazi mezani, kipya kile, kimoja kwa shule nzima, na mwandiko wangu umelala katikati ya ukurasa unaong'aa. Hakuwa amekasirika kama nilivyotarajia. Alionekana amechoka. Alifungua droo, akatoa kifutio, akakiweka mbele yangu.

"Futa," alisema.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema, maana nilikuwa sijamsalimu. "Nimeandika kwa wino."